Word anaiona, Telegram haioni

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Morogoro, kompyuta moja ya Windows 10, akaunti mbili: yangu na ya binti anayenisaidia. Word na VLC nilizoweka mimi, kwake zipo. Telegram, ambayo wateja hututumia mafaili mazito, kwake haipo. IrfanView ya picha za paspoti nayo haioni. Mpwa wangu alinakili folda nzima ya Telegram akaiweka drive D ili binti aifungulie huko. Ikafunguka, lakini na meseji zangu zote, hadi za kikoba! Nimeifuta. Nimpe tu paswedi yangu yaishe?
Mama wa steshenari

JIBU: Paswedi usimpe, mama. Na kabla hatujafika kwenye kompyuta, shika simu kwanza. Ndani ya ile folda ya Telegram kuna folda ndogo inaitwa tdata, na humo ndimo unamokaa ufunguo wa akaunti yako. Mpwa alinakili programu na ufunguo wake. Kufuta nakala ya drive D hakutoshi, maana hujui kama haikupitia kwenye flashi ya mtu. Fungua mipangilio ya Telegram kwenye simu, nenda kwenye vifaa, uitoe kompyuta hiyo. Utaiona mara moja tu kwenye orodha, kwa sababu nakala ilikuwa inatumia ufunguo uleule. Ukiitoa, zote zinatoka. Halafu ingia upya kwenye akaunti yako. Mpwa msimgombeze sana. Nami nilipoanza kazi hii nilihamisha programu kwa kunakili folda, na zilizokubali ndizo zilizonidanganya.

Sasa tuje kwa binti. Word na VLC hukaa C:\Program Files, kama mkasi uliowekwa kwenye droo ya kaunta: aliye zamu anauchukua. Telegram yenyewe hujiweka ndani ya C:\Users, kwenye folda yenye jina lako, chini ya AppData. Huo ni mkasi ulio kwenye mkoba wako. Ndiyo maana ulipoiweka haikukuomba ruhusa ya admini, yaani mwenye mamlaka juu ya kompyuta nzima. Dawa yake ni nyepesi: binti aingie kwenye akaunti yake, apakue Telegram, aisakinishe mwenyewe, ruhusa yako haihitajiki. Aingie kwa laini ya duka. Kama laini ya duka ndiyo hiyohiyo ya kikoba, nunua nyingine.

IrfanView ni kesi tofauti kabisa. Wakati wa kuisakinisha huuliza kama ni kwa watumiaji wote au kwa aliyepo tu. Nadhani ulibofya aliyepo. Programu ipo kwenye droo, kilichokosekana kwake ni ikoni. Hakikisha hivi: bofya ikoni yako kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Properties, usome njia iliyoandikwa. Ikianza na C:\Program Files, nakili ikoni hiyo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika C:\Users\Public\Desktop, kisha uibandike humo. Folda hiyo imefichwa, ukiitafuta kwa macho hutaiona. Itakuomba ruhusa ya admini, ikubali. Kuanzia hapo kila akaunti itaiona. Njia ikipita AppData, usihangaike na ikoni. Kinachotakiwa ni kusakinisha upya.

Na kama utawaza kumfanya binti awe admini ili mambo yaende haraka, mimi nakataa. Steshenari ni mahali ambapo flashi za mtaa mzima zinachomekwa kompyuta moja. Kirusi kikiingia binti akiwa na akaunti ya kawaida, kinakutana na mlango wa paswedi kabla ya kugusa Program Files. Mafaili yake kinaweza kuyaharibu, lakini nyumba nzima hakiibebi kirahisi.

Kingine, ambacho hukuuliza ila utakutana nacho: kuona programu ileile si kupata mipangilio ileile. Word ya binti ina kiolezo chake, na kama kimesimama kwenye karatasi ya Letter, atachapa CV za watu kwa vipimo visivyo vya A4 na kingo zitakaa ovyo. Ingia kwenye akaunti yake, fungua Word, weka A4 kuwa ya kudumu. Ukiwa hapohapo angalia na printa, maana nayo kila akaunti huchagua ya kwake.