Mtoto yuko pasentaili ya 11? Usilie kwanza, soma hapa

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi 9 na kilo 7.8 siku ambayo daktari aliangalia simu yake akaniambia "mama, mtoto yuko pasentaili ya 11", akaandika kwenye daftari, akaita mwingine aingie. Nilitoka pale nimembeba mtoto na ile 11 inazunguka kichwani. Kwa sisi tuliokulia kwenye mitihani, 11 kwenye 100 ni F, haina mjadala. Nikampigia mama mkwe, nae akaniambia "kumi na moja kwa mia? mwanangu huyo mtoto hali, maziwa yako hayamtoshi", basi usiku ule sikulala, kesho yake nikanunua kopo la maziwa kwa hela ambayo ilikuwa ya kodi.

Naandika hii kwa sababu najua kuna mama mwingine leo katoka kliniki na namba ambayo hakuna mtu aliyemwelezea, na namba usiyoielewa inaumiza kuliko hata habari mbaya unayoielewa.

Aliyenielewesha ni shemeji yangu, anafundisha hesabu sekondari. Akaniambia shemeji, ondoa kabisa neno asilimia kichwani. Chukua watoto wa kiume 100 wa miezi 9, wazima wote, wapange kwenye mstari mmoja kuanzia mwepesi kabisa mpaka mzito kabisa. Wako anasimama mahali ambapo nyuma yake wapo kama 11 na mbele yake wapo kama 88 au 89. Basi. Hajafeli kitu, pale ndio anaposimama kwenye mstari. Na kwenye mstari wowote wa watoto 100 wazima lazima awepo wa 11, kama vile lazima awepo wa 90, huwezi kuwapanga wote wakawa katikati.

Hili ndilo watu wengi wanachanganya na mimi nilichanganya. Asilimia ya mtihani inakwambia umepata kiasi gani cha maksi zilizokuwepo. Pasentaili inakwambia umewazidi wangapi. Mtoto anaweza kupata 80 kwa 100 kwenye mtihani rahisi akawa wa mwisho darasani, wenzake wote wana 85 kwenda juu, na mwingine akapata 45 kwenye mtihani mgumu akawa wa kwanza. Hata ile ripoti ya shule inayosema "nafasi ya 18" peke yake haisemi kitu mpaka uangalie wako wangapi. Wa 18 kati ya 20 kawazidi wawili tu, kwahiyo chini yake kuna 10 kwa kila 100. Wa 18 kati ya 180 kawazidi 162, yani 90 kwa kila 100. Nafasi ni ileile 18 lakini hawa ni watoto wawili tofauti kabisa, na nimeshaona mzazi anamchapa huyu wa pili.

Sasa nikiwa nimeelewa hivo nikaenda kwenye grupu letu la WhatsApp, tulikuwa wamama 11 tuliojifungua mwezi mmoja, nikawaomba kila mtu aandike uzito wa mwanae wa miezi 9. Nikazipanga kwenye karatasi: 6.9, 7.2, 7.5, 7.8, 8.0, 8.3, 8.6, 8.8, 9.0, 9.4, na mmoja wa 11.2 ambae kila mtu alikuwa anamsifia. Wa katikati ni yule wa sita, kilo 8.3, watano wako chini yake watano juu yake, hiyo ndio mediani. Ukiikata tena ile nusu ya chini katikati unapata 7.5, na nusu ya juu unapata 9.0, hizo ndio zinaitwa kwataili ya kwanza na ya tatu, mimi naziita mipaka ya robo. Ukiangalia tu hizo namba tatu, 7.5, 8.3 na 9.0, unajua nusu ya watoto wa grupu wako kati ya 7.5 na 9.0, na ghafla yule wa 11.2 anaacha kuwa kipimo cha wengine, anakuwa mtoto mmoja mzito tu. Wastani wa grupu ulikuwa 8.4, umevutwa kidogo juu na yeye, wakati mediani haijali hata angekuwa na kilo 14, ingebaki palepale 8.3. Ndio maana kwenye vitu kama mishahara au kodi za nyumba mimi siku hizi nikisikia "wastani" nauliza kwanza wa katikati anapata ngapi.

Ila kilichonishtua ni kwamba kwenye grupu mwanangu alikuwa na watatu chini yake kati ya 11, ukikokotoa ni kama 27 kwa kila 100, na daktari kasema 11. Mtoto yuleyule, kilo zilezile. Kwa nini? Kwanza grupu letu lilikuwa limechanganya wa kike na wa kiume, na wa kike umri huo wanakuwa wepesi kidogo, ndio maana chati zao ni tofauti. Pili, nafasi yoyote ile ni nafasi *kati ya watu fulani*. Ukibadilisha watu, nafasi inabadilika hata kama mtoto hajabadilika gramu moja. Kwahiyo mtu akikwambia mwanao yuko nafasi fulani, swali la kwanza ni: kati ya nani?

Kwenye chati za kliniki hao "nani" ni watoto ambao Shirika la Afya Duniani liliwapima kati ya 1997 na 2003 kwenye nchi 6, Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, kama watoto 8,500 hivi, chati zikatoka 2006. Hawakuokotwa tu. Walichagua watoto wanaonyonya, mama zao hawavuti sigara, wanaishi mazingira ambayo hayawazuii kukua. Kabla ya hapo nchi nyingi zilikuwa zinalinganisha watoto na watoto wa Marekani ambao wengi wao walinyweshwa maziwa ya chupa, na mtoto anayenyonya hakui kwa mwendo uleule wa mtoto wa chupa, kwahiyo wamama wengi waliambiwa watoto wao wanapungua wakati wako sawa. Mimi lile kopo la maziwa nililonunua siku ile nikilikumbuka naumia.

Sasa tuje kwenye kadi. Kadi yetu ya kliniki haikuandikwa pasentaili, ilikuwa na rangi tu, kijani, kijivu na nyekundu, na nyuma ya rangi kuna kitu kinaitwa zedi skoo. Usiogope jina. Ni hivi: mtoto wa kiume wa katikati wa miezi 9 ana kilo 8.9. Kushuka kutoka kwake hatua moja ni mpaka kilo 8.0, hatua mbili ni mpaka 7.1, hatua tatu 6.4. Hiyo hatua ndio wataalamu wanaita mkengeuko sanifu, ni kipimo cha watoto wa kawaida wanavyotofautiana. Wangu ana 7.8. 8.9 toa 7.8 ni 1.1, gawanya kwa hatua ya 0.9 unapata 1.2, na kwa sababu yuko chini ya katikati inakuwa -1.2. Kwa uzito ni hesabu ya kukadiria kwa sababu hatua za kwenda juu na za kwenda chini hazilingani sawasawa, lakini inakutosha kabisa ukiwa nyumbani na kalamu.

Chini ya -1 wanakaa watoto kama 16 kati ya 100. Chini ya -2 wanakaa wawili na kidogo tu kati ya 100, kwa watoto 1000 wazima ni kama 23. Chini ya -3 ni kama mmoja kwenye 1000. Ndio maana wataalamu wamepachora mstari pale -2 na kusema chini ya hapo tuangalie, na -3 tukimbie. Mwanangu alikuwa -1.2. Hakuwa hata karibu na kukimbia. Na nilipopekua kadi nikaona miezi 6 alikuwa na 6.9, miezi 12 akaja kuwa na 8.4, ukipiga hesabu zote anacheza kati ya pasentaili ya 10 na 12. Baba yake mwembamba, babu yake mwembamba, mtoto anakula, anacheka, anatambaa kama treni, na mstari wake umenyooka sambamba na ile ya kwenye chati. Ni mdogo tu. Wapo watoto wadogo.

Kumbe wa kuhofia alikuwa anakuja.

Binti yangu wa pili alizaliwa bonge, miezi 6 ana kilo 8.2, wa katikati wa kike ana 7.3, yeye yuko hatua moja nzima juu, pasentaili ya 84. Kila mtu anamsifia, "huyu sasa ndio mtoto". Nikarudi kazini, akabaki na dada nyumbani. Miezi 9 akawa na 8.5. Miezi 12 akawa na 8.6. Kila nikienda kliniki nesi anaweka kidoti, kiko kwenye kijani, uzito umeongezeka, haya mama hongera njoo mwezi ujao. Na mimi nikawa nashukuru Mungu, namuangalia kaka yake ndio namuona mwenye shida.

Siku moja tukapimwa kituo kingine kwa sababu tulikuwa tumesafiri, nesi wa pale mtu mzima kidogo akachukua rula akaunganisha vidoti. Akanyamaza. Akaniuliza "mama, huyu anakula nini mchana?" Nikamwambia yuko kwenye kijani. Akasema "najua yuko kwenye kijani, ila ameshuka ngazi". Tukahesabu pamoja: miezi 6 pasentaili ya 84, miezi 9 zaidi kidogo ya 60, miezi 12 chini ya 40. Kwa miezi sita mtoto wa katikati anaongeza kilo 1.6, wangu kaongeza nusu kilo haifiki. Kidoti kimoja kimoja kilikuwa kizuri, vyote pamoja vilikuwa vinaelekea chini.

Nilipofuatilia nyumbani nikakuta mchana kutwa mtoto anakunywa uji wa mahindi mwembamba kwenye kikombe, anashiba maji. Dada hakuwa na kosa, hakuna aliyemuelekeza, mimi ndio nilimwachia unga na sukari nikasema mpe uji. Tukafuata alichosema nesi, uji ukawa mzito wa kushika kijiko, tukaweka karanga iliyosagwa, dagaa wa unga kwenye ndizi za kuponda, yai, parachichi, mafuta kijiko kwenye chakula, na mara tano kwa siku badala ya tatu. Miezi 18 alikuwa na 10.4, wa katikati ana 10.2, karudi juu ya nusu. Ilichukua nusu mwaka kurudisha kilichopotea na katikati hapo aliugua mara mbili.

Kwahiyo mwenzangu, mtoto wa pasentaili ya 11 anayebaki 11 na mtoto wa 84 anayeshuka mpaka 38, wa kumpeleka kuonwa ni huyu wa pili, hata kama anaonekana bonge kuliko jirani zake wote.

Alafu kuna vitu vidogo vinavyoharibu hizi hesabu. Nguo. Sweta, pampasi iliyojaa na soksi zinafika gramu 300 bila shida, na kwa mwanangu wa miezi 9 gramu 300 zingemtoa pasentaili ya 11 zikampeleka 18 au 19, unatoka pale unafurahia sweta. Vua vyote. Mzani nao, ule wa kuning'inia, hakikisha umesoma sifuri kabla mtoto hajawekwa, ukiona haujasoma sifuri sema kwa upole, mimi nimeshasema na nesi akashukuru. Umri uhesabiwe vizuri, na kama mtoto alizaliwa njiti wakumbushe, maana umri wake unahesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, sio siku aliyozaliwa.

Na uzito usikudanganye ukasahau urefu. Mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri akawa mfupi kwa umri wake, huo ndio udumavu, na unapimwa kwa mstari uleule wa -2 ila kwenye chati ya urefu. Nimesema watoto wazima wanaokaa chini ya -2 ni wawili na kidogo kati ya 100. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta Tanzania chini ya mstari huo wako 30 kati ya 100 ya walio chini ya miaka mitano, Kenya mwaka huohuo 18. Hiyo tofauti ya kutoka 2 mpaka 30 huwezi kusema ni "sisi ni wafupi tu kwa asili", kwa sababu Ghana na India wapo kwenye zile chati. Kwangu mimi hii ndio namba nzito kuliko zote, na kliniki nyingi nilizopita wanapima kilo tu, ule ubao wa urefu umeegemezwa ukutani umewekewa mafaili juu. Uliza. "Nesi, naomba tumpime na urefu." Mara nyingi wanapima ukiomba.

Ukiwa na kadi hapo ulipo, ichukue sasa hivi, uunganishe vidoti vitatu vya mwisho kwa kalamu ya risasi, uangalie mstari wa mwanao unakwenda sambamba na ile iliyochapwa au unaikata kwenda chini. Kama unaikata, usisubiri tarehe ya mwezi ujao, nenda kesho, na umwambie nesi kabla hajaandika kitu kwamba umeona ameshuka ngazi.