Losheni ya jua ya bei mbaya ilinifanya bahili

Tyubu yangu ya kwanza ya losheni ya jua ya bei mbaya ilidumu miezi 11. Nilijivunia. Rafiki akinisema kwamba natupa hela, namjibu: lakini si unaona inavyokaa?

Kumbe hapo ndipo penye kasoro. Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, unayoiona kwenye tyubu hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Uso wa mtu mzima, bila shingo wala masikio, unataka gramu moja na kidogo. Siku moja nikatoa mizani ya jikoni, nikaweka kisosi, nikakamulia kile ninachopaka kila asubuhi: vitone viwili vya kuzugia. Mizani ikabaki kwenye sifuri. Nikakamua tena, na tena, na ilipofika gramu moja roho ikaniuma kwa lile rundo. Kwa kipimo hicho, tyubu ya mililita 50 inaisha kwa siku 40 hivi, na hapo hujarudia kupaka mchana. Yangu ilikuwa imevuka siku 300. Nililipia kinga ya 50, ila usoni sikuwa nayo, maana ukipunguza kipimo na kinga inapungua.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ya ghali au ya rahisi, namuuliza kwanza: ipi utaipaka bila kuionea huruma?

Kwa upande wa kinga yenyewe, bei haikuambii mengi. Nchi nyingi zina orodha ya vichujio vya miale vinavyoruhusiwa, na kampuni zote, za ghali na za rahisi, zinachota humo humo. Hata kupanda kutoka 30 kwenda 50 si safari ndefu kama inavyoonekana: SPF 30 ikipakwa sawasawa huzuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, na SPF 50 huzuia kama asilimia 98. Mimi natazama zaidi miale ya UVA, ile inayopenya hata kioo cha dirisha na kuizeesha ngozi kimyakimya. SPF haiipimi hiyo. Kwenye losheni za Ulaya tafuta herufi UVA ndani ya duara. Za Japani na Korea zina PA, alama ya kinga ya UVA, ikifuatiwa na alama za kujumlisha, na zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Tazama na tarehe ya mwisho. Dondoo za sijui ua gani, zinazoandikwa kwa wino wa dhahabu, ziache zilivyo.

Sasa nisije nikaonekana mpiga debe wa vya rahisi. Baada ya ile mizani niliruka upande wa pili, nikanunua chupa kubwa ya bei ya chini kuliko zote, yenye oksidi ya zinki, ule unga mweupe unaozuia miale. Nikaipaka kwa wingi, kipimo kamili, nikaenda harusini. Kwenye picha shingo na mikono ni vyangu, uso ni wa mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga. Jasho lilipotoka ikaniingia machoni, nikalia kabla hata bibi harusi hajaingia. Hapo ndipo hela ya ziada inapofanya kazi: losheni nyepesi, isiyopausha ngozi nyeusi, isiyowasha macho. Na kama una madoa meusi usoni, ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, inastahili kulipiwa, kwa sababu mwanga wa kawaida tunaouona nao huyakoleza madoa na losheni nyingi zisizo na rangi haziuzuii.

Siku hizi nina mbili. Ya usoni ni ya bei ya kati, niliyoijaribu kwanza kwa tyubu ndogo kabisa. Ya mwili ni chupa kubwa ya bei rahisi, kwa sababu mwili mzima unakula kama mililita 30 kwa mpako mmoja, na juani unatakiwa kurudia kila baada ya saa 2, au ukitoka majini. Fanya hivyo kwa losheni ya kifahari uone kama hutaanza kupima kwa kijiti cha meno. Ila urahisi nao una kipimo: jina kubwa likiuzwa kwa bei ya kutupa, naogopa feki, na chupa iliyopangwa juani mbele ya duka siinunui hata kwa bure, maana joto huiharibu.

Ile tyubu ya miezi 11 niliitupa ikiwa na robo ndani, maji yamejitenga na mafuta. Hii ya sasa nimeifungua wiki 3 zilizopita, na tayari nimeshaikunja mkia.