Kansa ya tonsili: tusubiri vipimo vya jeni au tuanze matibabu?

SWALI: Docta, habari za kazi. Baba yetu mdogo, wa miaka 52, ana uvimbe mmoja wa sentimita 4 shingoni. Biopsi ya tonsili hapa Bukavu imetoka karsinoma epidermoide, yaani kansa ya seli bapa zinazofunika koo kwa ndani. Mtoto wake aliye Ubelgiji anasema tusianze chochote mpaka jeni za kansa hiyo zipimwe zote, ili baba apewe dawa inayomfaa yeye mwenyewe. Familia inachanga pesa. Tungoje? – Msomaji wa Kadutu

JIBU: Pole sana, mama. Msingoje. Kipimo cha kuomba sasa ni kimoja, cha p16, protini ambayo kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike ovyo, nacho kinafanywa kwenye nyama ile ile iliyokwisha kukatwa, baba hachomwi tena. Pesa nyingine zitunzeni kwa ajili ya mionzi.

Karsinoma za kooni zinafanana sana kwenye hadubini, lakini chanzo chake si kimoja. Kuna zile za tumbaku na pombe: humo jeni ya TP53, inayoilinda seli isigeuke kansa, kwa kawaida imeharibika, na mara nyingi jeni inayotengeneza p16 imepotea. Kuna na zile za virusi vya papiloma, HPV, ambazo makao yake hasa ni tonsili na shina la ulimi. Protini ya virusi hivyo, E7, inaiharibu Rb, ambayo ndiyo breki ya seli. Seli inaendelea kutengeneza p16 kwa wingi, lakini p16 hiyo haiwezi tena kuizuia seli. Ndiyo maana tukitia rangi, lamu, kile kioo chenye kipande chembamba cha nyama, inajaa kahawia. Tunaandika chanya ikiwa angalau asilimia 70 ya seli za kansa zimeshika rangi kwa nguvu, kwenye kiini na nje yake. Ombeni asilimia hiyo iandikwe kwenye ripoti.

Jibu hilo lina uzito. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa 2010, wagonjwa wa kansa ya eneo hilo wenye HPV walikuwa hai baada ya miaka 3 kwa asilimia 82, wasio nayo asilimia 57. Hata hatua ya ugonjwa inahesabiwa tofauti tangu 2018. Uvimbe wa shingoni kama wa baba, yaani tezi iliyoingiwa na kansa, ukiwa upande ule ule wa tonsili, haujapasua ganda la tezi, na kansa ya tonsili yenyewe bado ni ndogo, ni hatua ya I kama p16 ni chanya, na hatua ya IVA kama ni hasi. Muulizeni daktari amehesabu kwa njia ipi kabla ya kukata tamaa kwa kusoma hiyo IV.

Sasa nawasihi: p16 chanya si ruhusa ya kupunguza matibabu. Mwishoni mwa 2018 yalitoka majaribio mawili makubwa ambamo wagonjwa wa HPV walipewa dawa ya cetuximab badala ya sisplatini, dawa ya kawaida ya kemo, kwa kudhani itakuwa nyepesi. Waliopewa cetuximab walikufa zaidi. Kama baba hafanyiwi upasuaji, kawaida inabaki mionzi ya Gy 70 (Gy, yaani gray, ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 35, karibu wiki 7, pamoja na sisplatini ikiwa figo na masikio yake yanaruhusu.

Huyo ndugu yenu wa Ubelgiji anaongea jambo la kweli, ila si la leo. Mwaka 2015 watafiti walichambua uvimbe 279 wakaugawa katika makundi manne kwa jinsi jeni zinavyofanya kazi. Mpaka sasa hakuna kundi kati ya hayo linalochagua dawa ya kwanza ya mgonjwa kama baba. Kipimo cha PD-L1, protini inayoelekeza matumizi ya pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, kinahitajika hasa ugonjwa ukirudi au ukisambaa.

Kwa hiyo chungeni bloku ya parafini. Ni kijisanduku cha plastiki chenye nta na kipande cha nyama, na namba pembeni. Kipimo chochote cha baadaye kitatoka humo. Iombeni maabara pamoja na lamu na ripoti, iwekeni mahali pa baridi, mbali na jua, na mvuke nayo mto Ruzizi wa mpakani ikiwa mtaelekea Kigali, ambako mionzi inatolewa kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe tangu 2019. Kabla ya kuondoka, mpelekeni baba kwa daktari wa meno: jino bovu ling'olewe sasa, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi unapona kwa shida sana.