Kifungu gani, mwanangu?

Mwanangu, jina la mama yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza usikilize kituo gani na usome gazeti gani kabla ya uchaguzi wa 2027, ili uzijue sera za vyama bila kudanganywa. Mama yako anasema nikupigie simu nikujibu kwa neno moja. Nimeshindwa. Swali lako limenirudisha Novemba 2005, sebuleni kwa babu yako, na ile redio yake ya betri juu ya kabati.

Ulikuwa mdogo, lakini Ndizi na Chungwa hujazisahau, maana mlizicheza uani na binamu zako. Ilikuwa kura ya maoni juu ya Rasimu ya Wako, yaani katiba mpya iliyopendekezwa kwa Kenya. Tume ya uchaguzi iliwapa walioikubali alama ya ndizi, na walioikataa chungwa, ili hata asiyejua kusoma apige kura yake mwenyewe. Nia ilikuwa njema. Lakini haukupita muda, rasimu ikapotea tukabaki na matunda. Asubuhi redio inasema Chungwa wamejaza uwanja, jioni inasema Ndizi wamejibu mapigo. Nani kamrushia nani kijembe, waziri gani yuko upande upi. Serikali ya muungano wa NARC ilikuwa imepasuka: Rais Kibaki kwenye Ndizi, Raila na mawaziri wenzake kwenye Chungwa, bega kwa bega na KANU, chama walichokuwa wameking'oa madarakani 2002. Tuliifuata habari ile kama mechi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu pale steji ya Wundanyi alizomewa hadi akafunika beseni lake. Nilikuwepo, na nilicheka.

Sasa nikwambie ya shangazi yako. Unajua alivyorudi nyumbani na watoto wawili, na unajua kile kipande cha chini penye migomba. Alikuwa amemwomba babu yako ampe, na mzee hakuwa amekataa wala kukubali. Basi asubuhi moja mtangazaji wa kituo kimoja, simtaji, akasema Ndizi ikipita mashemeji watakuja na kamba kupima mashamba yenu. Watu wakapiga simu kituoni wakicheka. Sentensi ile niliibeba. Niliisema kwenye chai, nikaisema matangani, nikaisema kwa chifu. Sikuwahi kujiuliza imetoka ukurasa gani.

Jumapili ile shangazi yako akaja na kijitabu cha rasimu, vile vilivyokuwa vikigawiwa bure. Alikuwa amepiga mistari kwa penseli. Akatusomea mbele ya mzee mahali paliposema mwanamke asibaguliwe katika ardhi na urithi. Nikamkata kauli. Nikasema, sisi tunawasikiliza waliosoma. Akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Waliosoma kifungu gani, kaka?" Sikuwa na jibu. Nikaongeza sauti ya redio.

Tarehe 21 nilipigia Chungwa. Tulishinda, asilimia 58 kwa 42, na siku mbili baadaye Kibaki akafuta baraza zima la mawaziri. Nilicheza barabarani na chungwa mkononi. Niliporudi, shangazi yako alikuwa mlangoni na mizigo yake ya Mombasa, na hakuniambia kwaheri.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua jambo ambalo hakuna aliyetuambia katika makelele yale yote. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, tayari ilikuwa haimtofautishi binti na mwana. Mwanya ulikuwa kwenye katiba ya zamani, kifungu cha 82, kilichoacha mila zibague mambo ya ndoa na urithi. Rasimu ilitaka kuuziba mwanya ule. Kumbe mashemeji wa redioni waliletwa kututisha na haki ambayo nusu yake dada zetu walikuwa nayo kwa zaidi ya miaka 20! Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne sikuijua. Ndiyo maana nakwambia, mtu akikusimulia sera, muulize: kifungu gani?

Hapa najipinga mwenyewe. Wapo walioikataa rasimu ile kwa sababu nzito, kwamba ilimwachia Rais mamlaka makubwa mno na kumpa Waziri Mkuu asiye na meno. Huenda hata ningesoma kila ukurasa ningepiga kura ileile. Na redio hiyohiyo ndiyo iliyotueleza siku na mahali pa kupigia kura. Yule mama wa steji, anayeamka saa kumi usiku, asome saa ngapi vifungu? Lazima amwamini mtu. Hili halinipi usingizi, kwa sababu sioni jibu lake. Lakini mimi sikuwa yule mama. Mimi kijitabu kililetwa mpaka mezani.

Na tazama matunda yale yalivyozaa. Kambi ya kampeni ya wiki chache ikawa chama, ODM, na chungwa likabaki alama yake hadi leo. Wangapi wanaolishangilia wanakumbuka lilikuwa linakataa nini? Mwaka 2010, kwenye kura ya maoni ya katiba nyingine mpya, zikaja rangi, kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana. Kwenye habari zogo lote likawa mahakama za kadhi na uavyaji mimba. Safari hiyo nilisoma. Kifungu cha 60 kinasema ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Yaleyale ya penseli ya shangazi yako. Nilipigia kijani, na katiba ikapita kwa asilimia 67. Ila babu yako tulikuwa tumeshamzika 2008, na shamba tulishagawana ndugu wa kiume. Kipande cha chini kiliniangukia mimi.

Nimefurahi mara moja tu katika mambo haya, na ni wewe uliyenifurahisha. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, ulinipigia ukanisomea kutoka kwenye simu yako mahali mkate ulipowekewa kodi ya asilimia 16, na ile ya asilimia 2.5 kwa magari, na ukaniambia vijana wenzako wanautafsiri kwa lugha za nyumbani. Nilitoka nje nisionekane na mama yako. Nilisikia sauti ya shangazi yako ndani ya yako.

Kwa hiyo unataka jina la kituo. Ninalo, na ulimi unaniwasha, na chama ninacho pia. Nimeliandika jina hilo hapa nikalifuta, nikaliandika tena, nikalifuta. Nikikupa utalibeba kama nilivyoibeba ile sentensi ya mashemeji, kwa sababu tu limetoka kwa baba. Sikiliza viwili vinavyochukiana. Na kila kimoja kiulize kifungu.

Kijitabu kile aliniachia mezani. Kiko kwenye sanduku la babu yako, penseli bado inasomeka. Ukizungumza na shangazi yako usimwambie nimekuandikia haya. Anakuja Desemba. Hati ya kile kipande ninayo, nitamwita tukae naye pale penye migomba, nimwambie mwenyewe.

Baba yako