Maswali ya Wasomaji: Diski imelala, au imekatiwa umeme?

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ina diski mbili za inchi 3.5. Moja huzimika yenyewe katikati ya kazi. Nasikia "tak", mzunguko unakufa, kisha baada ya sekunde chache inaanza tena. Siku nyingine hupotea kabisa mpaka niwashe kompyuta upya. Nimeshaweka Windows isizime diski kamwe, lakini wapi. Ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue kwanza. Nakili mafaili yako muhimu kwingine leo hii, kabla hujagusa waya wowote. Programu za kurekebisha mafaili nazo ziache kwa sasa, maana umeme ukikatika wakati zinaandika, hasara inakuwa kubwa kuliko ile uliyokuwa unaitafutia dawa.

Diski iliyolazwa kwa amri haipotei. Ukifungua folda inakuchelewesha sekunde 5 hadi 10, mota ikishika kasi, halafu kazi inaendelea. Iliyokatiwa umeme hutoweka kwenye orodha, na mara nyingi Windows huandika tukio namba 157 kwenye kumbukumbu za mfumo (andika eventvwr.msc uzione). Hiyo "tak" yako nayo inasema kitu. Umeme ukikatika ghafla, diski hutumia nguvu ya sahani ambazo bado zinazunguka kuvivuta vichwa vya kusomea hadi mahali salama, kwa kishindo. Ikilazwa kwa amri, huvirudisha polepole.

Sikio peke yake halitoshi. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayosoma hali ya diski, au smartctl -a kwenye Linux, uandike kwenye karatasi namba ghafi za vipengele viwili: 04, yaani mota imewashwa mara ngapi, na 0C, yaani diski imepokea umeme upya mara ngapi. Kwenye smartctl ni 4 na 12. Angalizo: CrystalDiskInfo huonyesha namba hizo kwa hesabu ya kumi na sita usipoibadilisha, 1F4 hapo ni 500. Iache kompyuta ikiwaka mpaka tatizo litokee, kisha soma tena. Ikipanda 04 peke yake, kuna kitu kinaiamuru diski ilale. Zikipanda zote mbili, umeme umekatika, na hakuna mpangilio wa Windows utakaokusaidia.

Kwa dalili ulizotaja, tunaweka dau letu kwenye umeme, na mshukiwa wa kwanza ni kigawa umeme, ule waya unaotoa vichwa viwili vya SATA (vya kuipa diski umeme) kutoka kimoja. Diski ya inchi 3.5 inapowasha mota huvuta takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12, na mbili zikiwaka pamoja mzigo wote unapita kwenye kiungio kimoja. Chomoa ukitazame chini ya taa. Plastiki iliyogeuka kahawia, pini iliyorudi ndani au harufu ya kuungua: kitupe, usikichezee. Vile vyenye kichwa cha plastiki kilichoyeyushiwa juu ya nyaya ndivyo vyenye sifa mbaya ya kupiga shoti.

Kisha chomeka diski moja kwa moja kwenye waya unaotoka pawasaplai (kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme), tena waya tofauti na wa ile diski nyingine. Ukiwa na multimita, yaani kipima umeme, iweke kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa kichwa kilicho wazi, nyekundu kwenye wa njano. Utarajie kati ya 11.40 na 12.60. Waya mwekundu utoe 4.75 hadi 5.25. Vipimo vizuri havimsafishi mshukiwa, kwa kuwa multimita ya kawaida ni nzito kuona mshuko wa sehemu ya sekunde. Kipimo cha kweli ni kubadilishana: zipe diski mbili nyaya za umeme za mwenzake. Tatizo likihamia diski ya pili, kosa ni la waya au pawasaplai. Likiifuata ileile mpaka kwenye kompyuta nyingine, hapo ndipo diski yenyewe inaugua. Na usidanganyike kununua kadi ya umeme, ile ya chini ya diski, kutoka diski nyingine inayofanana. Kwenye diski za kisasa kadi hubeba vipimo vya diski yake, na ya jirani kwa kawaida haitaisoma.

SWALI: Diski yangu ya nje ya USB hulala kila baada ya dakika 10 hivi, hata nikiandika powercfg /change disk-timeout-ac 0. Kwa nini?

JIBU: Amri hiyo ni sahihi, ila inamhusu Windows tu, tena kompyuta ikiwa kwenye umeme wa ukutani, kwa betri ni disk-timeout-dc. Kasha la diski yako lina chipu yenye saa yake. Tafuta programu ya mtengenezaji wa kasha. Kwenye Linux jaribu hdparm -S 0 ikifuatiwa na jina la diski, ingawa chipu nyingine hazipitishi amri hiyo. Ikishindikana, tengeneza kazi ya kuandika faili dogo kila dakika 5. Iwe kuandika, maana kusoma kunaweza kujibiwa kutoka kwenye RAM na diski isijue lolote.

Ikiwa inapotea badala ya kulala, hesabu ampea. Mlango wa USB 2.0 unaahidi milliampea 500, wa 3.0 ni 900, na diski ya inchi 2.5 inaweza kutaka karibu 1,000 inapowasha mota. Tumia kebo fupi, isiyopitia habu isiyo na adapta yake.

SWALI: Diski kulala na kuamka mara kwa mara inaichosha?

JIBU: Ndiyo. Kwenye CrystalDiskInfo angalia kipengele C1, idadi ya mara vichwa vimeegeshwa. Diski nyingi zimekadiriwa mara 300,000 au 600,000. Inayoegesha kila dakika 2, mchana na usiku, hufikisha 720 kwa siku, na 300,000 zinaisha kwa takriban siku 417. Weka muda wa dakika 30 au zaidi, au usiilaze kabisa.