Kabla hujamwambia mgonjwa "ni kawaida"

Wadogo zangu mliovaa sare ya unesi juzi, nawapenda, lakini mnanichosha. Wiki hii nimemsikia mmoja wenu akibishana na mama mwenye mtoto mgongoni: "Mama, mtoto hana homa, kipimo kimesoma 36.8." Mama anasema kachemka usiku kucha. Foleni inanung'unika, na hakuna aliyeuliza kama mtoto kapewa panado. Alikuwa kapewa, wakitoka nyumbani. Kwa hiyo:

1. Uliza dawa na saa aliyokunywa. Kiganja cha mama si kipimajoto, ila kipimajoto chenu nacho hakikuwepo saa nane za usiku.

2. "Mjukuu anapumua mbio." Kichanga kupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika ni kawaida, mwelezeni bibi hivyo. Wa miezi 2 hadi 11, 50 na kuendelea ni haraka. Wa mwaka 1 hadi kabla ya 5, 40. Hesabuni dakika nzima, mtoto ametulia. Wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, nawaona.

3. Presha. Hapa tukae kidogo.

Mtaani presha ziko mbili, ya kupanda na ya kushuka, na kila mtu anaijua yake. Wa kushuka anakoroga maji ya chumvi. Wa kupanda anasubiri kichwa kiume ndipo ameze kidonge, kana kwamba 170/100 lazima ibishe hodi.

Nilikuwa kliniki ya presha, mgeni kama nyinyi na mwenye haraka kama nyinyi. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, mcheshi, sote tukimwita babu. Alianza na mia na sabini na kitu. Siku hiyo akasoma 126/80, nikafurahi kama vile nimemtibu mwenyewe. "Hongera babu, presha yako sasa ni ya kawaida kabisa!" Akanipa mkono, akacheka, akaenda zake. Nikajaza kadi, nikaita anayefuata. Sikumwambia kwamba ile 126 ni kazi ya amlodipini, dawa ya presha anayomeza kila siku. Yeye alielewa kapona, na aliyepona anywe dawa ya nini? Vidonge vilivyobaki akampa jirani. Mwezi uliofuata hakuja, wala sikushtuka. Nilikuja kumwona wodi ya wanaume, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala, ule wa mkasi. Binti yake akanieleza, bila hasira yoyote: "Nesi alimwambia kapona." Hakujua nesi mwenyewe ndiye mimi. Sikumwambia.

Siku hizi namba nzuri ya mtu aliye kwenye dawa siitamki peke yake. "Dawa inafanya kazi, babu, usiiache." Halafu namwomba anieleze alichosikia. Jaribuni, mtashangaa.

4. Akisema "160 ndiyo kawaida yangu", msicheke. Kaizoea yeye, mishipa haijaizoea. Ila jikagueni kwanza: kapumzika dakika 5? Miguu iko chini, mgongo umeegemea? Mkojo haujambana? Kafu, ule mkanda wa kupimia presha, ikiwa ndogo kwenye mkono mnene inaleta presha ambayo hata haipo. Na nyamazeni wakati wa kupima! Kuna mmoja wenu alikuwa akiulizia mechi ya Simba na Yanga huku kafu inajaa, na mgonjwa ni wa timu iliyofungwa.

5. Kipimo cha kidoleni kikisoma oksijeni ya damu 84 kwa bi harusi anayekula chipsi na kucheka: futeni rangi ya kucha au kihamishieni kwenye sikio kabla ya kukimbilia mtungi. Hina nyeusi nayo inadanganya mashine.

6. Mjamzito mwenye 140/90 anayesema kichwa kinagonga na macho yanaona nyota, wifi yake atawaambia ni uchovu wa mimba. Rudieni kipimo, pimeni protini kwenye mkojo, mwiteni daktari saa hiyo hiyo. Foleni itawasubiri.