Antivairasi Inaposingizia Faili: Fundi Ajibu Maswali Yenu

Wiki hizi mbili barua zenu zimekuwa na kilio kimoja: kiambatisho halali kimekamatwa na antivairasi, kazi imekwama, na mtu amesimama mlangoni akiuliza kulikoni. Mimi huiita faili kusingiziwa. Nimechagua maswali saba. Mengine nimeyafupisha, na majina nimeyaacha nje.

Fundi, kila mwezi namtumia mteja fomu ya VAT ya iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya mapato ya Kenya (KRA), aipitie kabla sijaiwasilisha. Mwezi huu barua pepe yake imeikataa, eti ina virusi. Fomu nimeipakua kwa KRA mwenyewe! Tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha, ndiyo hiyo inakuja. – Mhasibu, Ngara

Pole sana. Fomu hiyo ya Excel ina makro, yaani vijiprogramu vilivyowekwa ndani ya faili yenyewe. Ndizo zinazokagua PIN na jumla zako unapobonyeza Validate, kisha zinakutengenezea ile ZIP unayopandisha iTax. Sasa itazame kwa jicho la antivairasi: faili ya Excel inayofanya kazi zake yenyewe na kuandika faili nyingine kwenye diski. Wahalifu nao hufanya hivyo hivyo. Virusi vya Melissa vya Machi 1999 vilienea duniani kwa makro za Word, na mchezo huo haukuisha. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro katika faili zinazotoka intaneti bila hata kusubiri mtumiaji aamue. Kwa hiyo aliyekukatalia hakuiona KRA. Ameona makro.

Lakini usikimbilie kusema imesingiziwa. Kuna virusi vya makro vinavyojinakili katika kila faili ya Excel inayofunguliwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa. Huenda fomu ilitoka KRA ikiwa safi, ikachafukia mezani kwako. Fanya jaribio hili: pakua fomu mpya, usiifungue kabisa, mtumie mteja ikiwa tupu vilevile. Ikikataliwa nayo, basi zinazoogopwa ni makro za fomu yenyewe, na hapo una haki ya kulalamika. Kama ile tupu inapita na ile uliyoijaza inakataliwa, simama hapo hapo. Pekua kompyuta yako yote kabla ya kumtumia mtu mwingine chochote.

Kuhusu tarehe 20, mteja hahitaji fomu, anahitaji tarakimu. Nakili hesabu kwenye faili ya .xlsx, ambayo haiwezi kubeba makro, au zitoe kama PDF. Akiridhika, ZIP unaipandisha wewe moja kwa moja. Na kuna ujanja nimeuona kwa wahasibu kadhaa: kubadilisha mwisho wa jina la faili ili ipite. Nawaomba muache. Antivairasi nzuri husoma yaliyomo, si jina, na faili iliyojificha chini ya jina lisilo lake huongezewa shaka.

Bosi anataka nitoe barua kwenye karantini sasa hivi. Anasema mtumaji tunamjua, ni msambazaji wetu wa miaka mingi. Nitoe? – Afisa wa IT, Eneo la Viwandani

Usitoe kwa sababu hiyo pekee. Karantini ni chumba ambamo barua au faili ya shaka hufungiwa isidhuru kitu. Mtumaji mnamjua, lakini hamjui nani ameshika sanduku lake la barua leo. Nenosiri la msambazaji likiibwa, mwizi huandika kutoka anwani halisi, tena akijibu mazungumzo halisi mliyokuwa nayo wiki iliyopita.

Mpigie simu. Tumia nambari iliyo kwenye simu yako au kwenye ankara ya zamani, usitumie iliyo chini ya barua hiyo. Muulize kama ametuma, faili inaitwaje na ndani mna nini. Akithibitisha, mwombe aitume tena kama PDF ya kawaida. Mara nyingi shida huisha hapo bila kufungua karantini hata kidogo.

Wakati huo soma jina la kilichonaswa. Likiwa na maneno kama Heur, Gen au Suspicious, antivairasi imekisia kutokana na tabia ya faili. Likitaja familia ya virusi inayojulikana, tuseme Emotet, ushahidi ni mzito zaidi. Mwonyeshe bosi jina hilo, kwa heshima. Kama mnatumia Microsoft 365, mwambie pia kwamba barua iliyoshikwa kwa virusi huwekwa siku 30 kwa mpangilio wa kawaida, na anayeweza kuitoa ni msimamizi. Nusu saa ya kupiga simu haitaipoteza. Mkishahakikisha imesingiziwa, itoe na uiripoti kwa Microsoft kutoka ukurasa huo huo, kisha andika mahali tarehe, jina la kilichonaswa na aliyeidhinisha. Siku jambo likiharibika, maandishi hayo yatakulinda wewe.

Je, haya yananipata kwa sababu nilinunua antivairasi ya bei ya chini mtaa wa Luthuli? – Mwenye saiba, Umoja

Hapana, bei siyo. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho nambari 5958 la McAfee lilishika svchost.exe, faili halali ya Windows XP, likaiita virusi. Kompyuta maofisini zikawa zinazima na kuwaka zenyewe bila kukoma. Kampuni kubwa, bidhaa ya kulipiwa.

Cha kukuuliza ni kama leseni yako inapokea masasisho. Leseni ya kughushi hufa kimyakimya. Kosa ambalo mtengenezaji alilirekebisha zamani linabaki kwako, na virusi vipya antivairasi yako haivitambui.

Asubuhi nimefungua Thunderbird, Inbox ni tupu. Barua zote za sacco! Antivairasi inasema imeondoa tishio moja. – Karani, Buruburu

Dada yangu au kaka yangu, funga Thunderbird kwanza, ndipo usome yafuatayo.

Thunderbird kwa kawaida haihifadhi kila barua peke yake. Folda nzima ni faili moja ndefu, barua zimefuatana mle ndani, na faili hiyo inaitwa Inbox, bila chochote baada ya jina. Antivairasi ilipoona barua moja ina kiambatisho cha shaka, ilichukua faili. Yaani imebeba kabati zima kwa ajili ya bahasha moja, na bahasha yenyewe pengine haina kosa.

Nilishakaa katika ofisi ndogo karibu na Enterprise Road na karani aliyekuwa ametokwa machozi, akidhani barua za miaka saba zimekwenda. Tulifungua orodha ya karantini. Kulikuwa na mstari mmoja tu: Inbox, MB 870, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nilimwonyesha kwa kidole. Barua zake zilikuwa pale pale, zimefungiwa tu.

Kama akaunti yenu ni ya IMAP, barua ziko bado kwenye seva. Ingia kwa kivinjari uhakikishe. Kama ni POP na hamkuacha nakala kwenye seva, mnategemea karantini, kwa hiyo mtu yeyote asibonyeze kufuta. Fungua folda ya wasifu wa Thunderbird. Ukikuta faili mpya ya Inbox iliyojitengeneza leo, ibadilishe jina iwe Inbox-leo, na ufute Inbox.msf, ambayo ni faharasa tu na itajiunda upya. Iambie antivairasi isiiguse faili hiyo moja kwa muda, kisha rudisha ile ya karantini. Kabla ya kufungua Thunderbird, nakili Inbox hiyo kwenye diski ya nje.

Sasa itafute barua iliyoleta balaa kwa tarehe na jina la kiambatisho. Ukiamua kuifuta, ujue kwamba kufuta peke yake hakutoshi: barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili, imefichwa tu, mpaka uifinye folda kwa amri ya Compact. Hii ndiyo sababu wengi hulalamika kwamba virusi "vinarudi" kila siku hata baada ya kufuta. Havijarudi, havijaondoka. Safisha Trash vilevile, finya zote mbili, halafu ondoa ule msamaha ulioipa faili hiyo kwenye antivairasi.

Mwisho, ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama ya Thunderbird, uwashe chaguo la kuruhusu antivairasi kuweka karantini barua moja moja zinapoingia. Barua itapitia faili ya muda kwanza, na ikikamatwa itakamatwa peke yake.

Faili ya mishahara niliyoitengeneza mwenyewe inaitwa virusi. Mtoto wa jirani amesema niipandishe VirusTotal ikaguliwe. Ni salama? – Afisa wa wafanyakazi, Upper Hill

Kwa faili hiyo, nakusihi usiipandishe. VirusTotal, ambayo ni ya Google tangu 2012, ni chombo kizuri: hupitisha faili kwa injini za antivairasi zipatazo 70. Lakini unachopandisha hukihifadhi, na wateja wake wa kulipia wanaweza kukipakua. Majina, PIN na mishahara ya wenzako vitakuwa vimetoka nje. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mwajiri ndiye atakayejibu, na uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Unaweza kuuliza bila kupandisha. Kwenye Windows fungua dirisha la amri katika folda hiyo, uandike: certutil -hashfile mishahara.xlsm SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64, ambazo ni kama alama ya kidole ya faili. Nakili hizo tu uzitafute VirusTotal. Kwa kuwa faili ni yako peke yako, huenda isipatikane. Hilo halithibitishi usafi wala uchafu. Lina maana kwamba hakuna aliyewahi kuipeleka.

Njia ya pili: tengeneza nakala, futa kila jina na kila kiasi, ubakize muundo na makro. Antivairasi ikiendelea kulia, ipandishe nakala hiyo tupu. Injini moja au mbili zikilia kati ya 70, tena kwa majina ya kukisia, uwezekano mkubwa imesingiziwa. Zikilia 30, sikiliza. Ila virusi vipya kabisa navyo huanza na kengele mbili tatu, kwa hiyo iache mpaka kesho, sasisha antivairasi, uikague tena. Aliyesingiziwa mara nyingi huachiwa kwa muda huo, na mhalifu huzidi kushtakiwa.

Taarifa yangu ya M-Pesa imeletwa kama PDF yenye nenosiri na antivairasi inasema "haikuweza kukagua". Niogope? – Mama mboga, Kangemi

Hapana, mama. Faili ikiwa na nenosiri, antivairasi haiwezi kuona ndani, na hapo imekuambia ukweli. Haijasema kuna virusi. Jiulize tu: je, niliiomba taarifa hii mimi mwenyewe, leo? Kama ndiyo, ifungue. Cha kuogopa ni ZIP usiyoiomba ambayo nenosiri lake limeandikwa ndani ya barua hiyo hiyo. Genge la Emotet lilitumia njia hiyo makusudi, kwa sababu mkaguzi wa njiani hawezi kufungua lakini wewe unaweza.

Nimeandika programu ya duka kwa Python, nikaigeuza exe kwa PyInstaller. Kila mteja anaambiwa ni virusi. Nimewaambia wazime antivairasi wakati wa kuweka. Nimekosea? – Msanidi programu, Roysambu

Umekosea, kaka, na nakuambia kwa sababu wateja wako wanakuamini. Mwenye duka uliyemfundisha kuzima antivairasi ataizima tena siku mtu mwingine atakapomwomba, na kompyuta hiyo ndiyo yenye madeni na mauzo yake yote.

Chanzo cha shida ni kwamba PyInstaller huweka mbele ya programu yako kipande kile kile cha kuanzishia ambacho huwekwa mbele ya programu ya kila mtu, na waandishi wa virusi hukitumia pia. Antivairasi zimejifunza kukiogopa hicho. Anza kwa kuondoa UPX kama unaitumia kufinya exe, kwani ufinyaji huo huongeza shaka. Toa programu kama folda badala ya faili moja inayojifungua kwa siri kila inapowashwa. Usiitume kwa barua pepe. Gmail hukataa exe hata ikiwa ndani ya ZIP. Iweke kwenye tovuti yako kwa https na uandike hashi yake ya SHA-256, ile alama ya kidole ya faili, kando.

Kisha ripoti. Watengenezaji wakubwa wa antivairasi wana fomu ya faili iliyosingiziwa. Peleka exe, jina la kilichonaswa na maelezo ya programu inafanya nini. Sahihi ya kidijitali inagharimu pesa lakini inasaidia, kwa kuwa sifa njema hujengeka juu ya jina lako badala ya faili moja. Bila sahihi hiyo, kila toleo jipya lina hashi mpya na linaanza kama mgeni asiyejulikana, kwa hiyo ripoti toleo siku kadhaa kabla ya tarehe uliyomwahidi mteja.